Laini Kwanza, Kishikwambi Baadaye: Siku Tisa Kati ya Kitale na Kalobeyei

Hii ni kumbukumbu ya safari ya kupeleka sanduku moja la masomo ya kidijitali hadi Kalobeyei, kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, pamoja na kazi zinazolizunguka sanduku hilo: laini za simu, malipo, tafsiri na ukusanyaji wa takwimu. Imeandikwa kwa ajili ya atakayepita njia hiyo baadaye. Vipimo vyote ni vya vishikwambi 20. Anayetaka vingi na azidishe, ila asome siku ya nne kabla ya kununua cha ishirini na moja.

Siku ya 1. Kitale

Kutwa nzima gari halisogei. Sababu ni hesabu: kupakua GB 100 za video na vitabu kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, tena bila kukatika. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi jirani na Kalobeyei, kazi hiyo ingefanywa kwa bando la simu, kwenye mnara ambao maelfu ya watu wanaugombania jioni. Haitoki. Kila kitu kipakuliwe mjini, kijaribiwe mjini, kiharibikie mjini.

Moyo wa sanduku ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4, diski ya SSD ya GB 500 na rauta moja, yaani kifaa cha kusambaza Wi-Fi. Humo huendeshwa Kolibri, programu huria ya shirika la Learning Equality inayohudumia masomo bila intaneti. Ina sura ya Kiswahili, na kishikwambi huifikia kwa kivinjari cha kawaida kupitia bandari 8080, yaani namba ya mlango unaoandikwa mwishoni mwa anwani ya seva. Umeme unatoka kwenye paneli ya wati 200, kidhibiti chaji cha ampea 20, na betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8, ampea-saa 100. Kuna fyuzi ya ampea 30 kati ya betri na matumizi, na nyaya za milimita 6 za mraba. Waya mwembamba hupotezea umeme njiani na kupata moto. Ni rahisi dukani, ghali baadaye.

Jaribio la mwisho: chomoa intaneti, washa vishikwambi vyote 20, fungua video ileile kwa wakati mmoja. Ikikwamakwama, mara nyingi seva haina kosa. Rauta za bei ya chini hulemewa vifaa vikipita 10 au 15. Badilisha rauta.

Kosa linalosahaulika ni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunzia saa. Ikizimwa mahali pasipo na intaneti huamka ikiwa na tarehe ya uongo, na rekodi za wanafunzi huchanganyika: mtu anaonekana amemaliza somo kabla ya kulianza. Moduli ndogo ya saa aina ya DS3231 yenye betri ya kifungo huondoa tatizo hilo, nayo ni bei ya nauli ya bodaboda chache.

Karatasi pia hupakiwa leo. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, DRS. Orodha ya vifaa na namba zao za siriali ichapishwe nakala nne, kwa sababu kila ofisi itataka kubaki na yake.

Siku ya 2. Kitale hadi Lodwar, karibu kilomita 300

Kuondoka saa kumi na moja alfajiri: Kapenguria, Ortum, Marich, Kainuk, Lokichar, Lodwar. Kati ya Marich na Kainuk, mpaka wa Pokot Magharibi na Turkana, uliza polisi hali ya siku ile kabla ya kuendelea, wala usipange kupita usiku.

Barabara hii ya kuelekea Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, imekuwa ikijengwa upya kwa mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na mpango wake unajumuisha mkongo wa intaneti kuanzia Eldoret. Msafiri bado huona vipande virefu ambapo simu haina hata kijiti kimoja cha mtandao.

Betri isafiri ndani ya gari, si chini ya turubai kwenye keria. Betri za LiFePO4 hazifai kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na turubai jeusi bondeni mchana hulipita joto hilo. Usichaji chochote jioni ya kufika Lodwar hadi masanduku yapoe.

Siku ya 3. Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa miguu. Leo imegawanyika Kakuma 1 hadi 4. Jirani yake, upande wa kaskazini-magharibi, kuna makazi ya Kalobeyei yaliyoanza kupokea watu 2016 kwa wazo tofauti: shule, zahanati na soko vitumiwe na mkimbizi na mwenyeji Mturkana kwa pamoja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilifungua milango ya kazi na biashara, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja. Kazi za kidijitali zinazoelezwa hapa zinaning'inia kwenye maneno hayo, na kwa sehemu kubwa utekelezaji wake hutegemea karatasi za mtu mmojammoja.

Utaratibu wa kubisha hodi: ofisi ya DRS kwanza, kisha msimamizi wa wadi wa kaunti, kisha chifu, kisha viongozi wa bloku. Wengi huruka chifu na msimamizi wa wadi kwa kuwa vibali vyao havidaiwi getini. Matokeo huonekana baada ya miezi mitatu, mradi unapoitwa "wa wakimbizi" na wenyeji wanapouliza, kwa haki, ardhi ni ya nani.

Jioni ni ya kuzunguka sokoni na maswali matatu. Mtandao upi una nguvu mtaa huu? Kuchaji simu ni pesa ngapi? Nani anatengeneza simu? Swali la tatu ndilo zito. Fundi simu mwenye kibanda na mashine ya kupulizia hewa moto atauokoa mradi kuliko mtaalamu aliye Nairobi, kwa hiyo aitwe kwenye ufungaji kesho kutwa, alipwe, na afundishwe kufungua sanduku.

Pima kasi ya mtandao mara tatu: saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Kipimo cha asubuhi pekee hudanganya.

Siku ya 4. Kakuma: meza ya majina

Leo hakuna kishikwambi kinachotoka kwenye sanduku. Meza mbili, viti, kivuli, daftari. Foleni ni moja, ya wakimbizi na Waturkana pamoja. Kwa dakika 15 kwa kila mtu, meza mbili zikifanya kazi saa sita huhudumia watu 48.

Hatua ya kwanza ni kupiga *106# kwenye laini ya Safaricom. Hapo huonekana jina na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho kilichotumiwa kusajili laini hiyo. Jina likiwa la mtu mwingine, laini hiyo si ya aliyeishika, hata kama ameitumia miaka minne. Hali hii imejaa Kakuma kwa sababu inayoeleweka: anayefika hana kitambulisho, kadi hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, na kungoja ni kurefu, basi rafiki, mwajiri au muuza duka anasajili kwa jina lake.

Madhara huja polepole. Simu ikiibwa, laini hairudishwi bila mwenye kitambulisho kufika na kadi yake. Namba ya siri ikisahaulika, vivyo hivyo. Mwenye jina akihamishiwa Kanada au akirudi Juba, akiba imekwenda naye. Liko pia lile ambalo watu huliona kama uchawi: mwenye jina ana deni la Fuliza, mkopo wa M-PESA, kwenye laini hiyo, na pesa yoyote inayoingia hukatwa papo hapo kulilipa.

Hatua ya pili ni kulinganisha jina kwenye vitu vitatu: manifesti, yaani ile karatasi ya familia yenye picha, kitambulisho cha mkimbizi, na laini. Msudani Kusini hubeba jina lake, la baba na la babu kwa mfululizo. Mkongo hutanguliza jina la ukoo. Karani mmoja ameandika Mohamed, mwingine Mahamud, wa tatu amekata jina la mwisho kwa sababu kisanduku kilijaa. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1 kwa nusu ya foleni.

Kanuni hapa ni moja na haina huruma: jina lililo kwenye kitambulisho ndilo linakiliwa kila mahali, herufi kwa herufi, hata likiwa na kosa. Kosa lirekebishwe kwanza DRS, ndipo lifuatwe kwenye laini, benki na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Anayeanza kurekebisha upande wa simu huzaa watu wawili kwenye mitambo, na benki ikilinganisha majina humkataa wa kwanza na wa pili.

Hatua ya tatu ni kuhamia laini mpya kwa jina lako, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Sajili mpya kwanza, kwa kadi halisi na si nakala. Hamisha salio la M-PESA. Kisha, laini ya zamani ikiwa bado hewani, badilisha namba ndani ya mipangilio ya WhatsApp na kwenye kila akaunti inayotuma msimbo wa uhakiki. Mwisho ndipo ya zamani irudishwe kwa mwenye jina. Wengi huanza mwisho: wanaivunja laini ya zamani kwa furaha, halafu msimbo unatumwa kwenye kipande cha plastiki kilicho jalalani.

Laini ya msaada ni jambo jingine. Kuanzia 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutuma thamani ya chakula kwa simu, mpango unaoitwa Bamba Chakula, na mpokeaji hununua kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Desturi mbaya iliyofuata ni kuweka laini au kadi ya benki rehani dukani, pamoja na namba ya siri, hadi deni liishe. Muuza duka hujilipa mwenyewe na mteja hajui salio lake. Hakuna programu inayotibu hilo. Kinachosaidia ni mteja kujua kusoma ujumbe wa muamala, na hilo hufundishwa kwa dakika 20.

Upande wa wenyeji, mfugaji kutoka nje ya mji huenda hana kitambulisho cha taifa, na laini yake iko kwa jina la mtoto wa ndugu. Ni ugonjwa uleule, ila dawa yake iko kwa chifu na msajili wa watu. Ndiyo sababu ya foleni moja: mama wa Kiturkana na mama wa Bujumbura wakisikia kwamba shida yao ni ile ile, mazungumzo huanza bila kuitishwa kikao cha utangamano.

Marufuku mezani: kupiga picha kitambulisho cha mtu kwa simu binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu pia wenye nia njema.

Siku ya 5. Kalobeyei: kufunga mitambo

Mahali kwanza. Chumba kikiwa ndani ya uzio wenye askari na nembo ya shirika, kishakuwa cha wakimbizi. Kipimo rahisi: je, mama kutoka boma la pembeni, amebeba kuni za kuuza, anaweza kuingia bila kuulizwa anamtafuta nani? Kama hawezi, tafuta chumba kingine, hata kikiwa kibovu.

Kakuma iko karibu nyuzi 4 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua liko utosini. Paneli ielekezwe kusini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Ikilazwa bapa kabisa, vumbi hukaa na mvua haioshi. Iinuliwe sentimita 15 juu ya mabati ili hewa ipite, kwa sababu paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Ikifika nyuzi 65, asilimia 16 imekwenda. Ifutwe mara moja kwa wiki, alfajiri, kwa kitambaa kibichi na lita mbili za maji. Anayemwaga ndoo nzima juu ya paneli mahali ambapo watu wanapanga mitungi kwenye bomba atapata maneno anayostahili.

Hesabu ya umeme. Kishikwambi kimoja cha mAh 5,000 hubeba kama wati-saa 19. 20 ni 380. Ongeza upotevu wa moja ya tano, 456. Seva na rauta hula wati 11, kwa siku nzima 264. Jumla 720. Paneli ya wati 200 kwa saa sita za jua kali, ukitoa asilimia 30 kwa joto, vumbi na nyaya, hutoa 840. Betri ina 1,280, na kama 1,000 ndizo za kutumia kwa usalama. Kwa hiyo siku moja ya mawingu inavumilika, ya pili haivumiliki, na soketi ya kuchajia simu za wageni isiwepo kabisa. Soketi moja ya hisani huua mfumo mzima. Sehemu zenye gridi ndogo ya sola ya kampuni ya Renewvia, inayolipiwa kwanza kwa simu, zinaweza kuunganishwa huko, lakini betri ibaki.

Ndani ya chumba cha mabati, seva ikifika nyuzi 80 hupunguza kasi yenyewe, na watu hudhani mtandao umekufa. Kasha la chuma lenye mapezi ya kupoza linatosha. Liwekwe chini, ukuta wa kivulini, juu ya ubao na si juu ya bati.

Ufa mkubwa uko kwenye kuzima ghafla. Kadi ya kumbukumbu huharibika mtu akichomoa waya ili achaji simu yake, ndiyo maana mfumo uko kwenye SSD, na nakala kamili ya diski hubaki kwa fundi simu. Waya wa nje upite ndani ya bomba la plastiki. Mbuzi hutafuna.

Siku ya 6. Siku ya akiba

Ratiba ya siku nane haina siku hii, na kwa sababu hiyo ratiba ya siku nane huvunjika. Laga la Tarach ni mchanga mkavu asubuhi, na mvua ikinyesha vilimani kusikoonekana, mchana huwa mto unaokata Kakuma vipande. Usivuke maji yanayokimbia kwa gari, hata yakionekana ya magotini. Siku ikibaki kavu, itumike kubandika namba kwenye vishikwambi na nyaya zake.

Siku ya 7. Darasa na ndimi zake

Watu 40, wawiliwawili kwa kishikwambi, mkimbizi na mwenyeji, si rafiki na rafiki. Watu wazima hawahitaji somo la "kompyuta ni nini". Mambo sita yanatosha wiki ya kwanza: kuhifadhi namba kwa jina, kutuma ujumbe wa sauti, kusoma ujumbe wa M-PESA mstari kwa mstari, kuangalia salio, kupiga picha ya bidhaa kwenye mwanga, na kumkatia simu tapeli. Mengi ya hayo hufanyika hata kwa kabambe, simu ya vitufe, yale ya M-PESA kupitia menyu yake ya *334#, na yafundishwe kwa kabambe, kwa maana ndiyo simu iliyo mfukoni.

Lugha ya kishikwambi ni Kiswahili, ila Kiswahili chenyewe kina mitaa. Mwalimu Mkenya akisema "laini", mwanafunzi wa Bukavu anafikiria foleni. Kwake hiyo ni *puce*. "Kredo" kwake ni *unités*, na Mtanzania aliyekaa pembeni anasema vocha. Ukutani paandikwe maneno yote matatu kwa mstari mmoja. Dakika kumi za kicheko kuhusu maneno haya zina faida kuliko hotuba ya ufunguzi.

Tafsiri ya mashine: Google iliongeza Kidinka, Kinuer na Kirundi mwaka 2024. Inafaa kwa kupata kiini cha ujumbe. Haifai kwa dawa, mahakama wala fomu ya hadhi ya ukimbizi. Kila tangazo lililotafsiriwa hivyo lisomwe na watu wawili wa lugha hiyo, kila mmoja peke yake, na wa pili aseme kwa Kiswahili alichoelewa. Kiarabu cha Juba kiandikwe kidogo iwezekanavyo. Wengi wanaokisema hawakisomi kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu sanifu cha mashine kwao ni kama taarifa ya habari ya mbali. Ujumbe wa sauti wa sekunde 40 hufika.

Mtandao wa Instant Network Schools wa Wakfu wa Vodafone na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2013, ulikwishapita njia hii. Darasa lao la sandukuni lililotangazwa 2015 lilikuwa na vishikwambi 25, laptopu, projekta na spika, uzito wa kilo 52. Anayepanga sanduku lake aanze kwa kuuliza shule za hapa zimebaki na nini, asije akaleta projekta ya tatu kwenye chumba kisicho na mwalimu aliyelipwa.

Siku ya 8. Sokoni

Utafiti wa 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohusika na sekta binafsi, ulikadiria matumizi ya soko la Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Kalobeyei, kaya zilianza kuhamishiwa fedha taslimu kwenye akaunti za benki mwaka 2019, badala ya thamani ya chakula pekee. Pesa ya kuchagua ilimfikia mwenyeji haraka: mbuzi, maziwa, kuni na makaa hutoka kwake. Mwaka 2025 misaada ilipokatwa vibaya, maumivu yalipita njia hiyohiyo kurudi.

Muuza duka mdogo anaanza na Pochi la Biashara ndani ya *334#, ili pesa ya duka isichanganyike na ya nyumbani. Laini iwe kwa jina lake. Ndiyo maana siku ya nne ilitangulia. Pesa ikitumwa kimakosa, ujumbe wa muamala upelekwe mara moja kwa namba 456 ya Safaricom. Kila saa inayopita humpa aliyeipokea nafasi ya kuitoa. Kinga ya utapeli ni desturi moja: bidhaa haiondoki kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Muuzaji anaangalia salio lake mwenyewe.

Kundi la WhatsApp la wauza mbuzi na wenye bucha hufanya kazi likiwa na mipaka: picha, bei, mahali, sauti ya sekunde 30. Wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande, na wote wana haki ya kufuta. Siasa, maziko na mahubiri yawe na kundi lao. Makundi mengi hufa kwa sababu ya bando: video 15 za salamu za asubuhi zinakula bando la mtu kabla hajaona mbuzi. Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye kila simu kabla ya kumwingiza mtu.

Kazi za mtandaoni kwa vijana huvutia wafadhili, na hapa busara inahitajika. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, kimefundisha vijana wa eneo hili kazi huria za mtandaoni. Kijana anaweza kujifunza kuhariri video kwa miezi mitatu, akapata mteja, akakwama kwenye malipo: jukwaa linataka pasipoti, kadi ya mkimbizi haimo kwenye orodha yao. Njia inayopitika zaidi ni kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya benki na kupokea malipo. Kanuni za mgao ziandikwe kabla ya dola ya kwanza kuingia, na uwekaji sahihi uwe wa watu watatu, walau mmoja mwenyeji. Malipo yajaribiwe kwa dola tano kabla kozi haijaanza.

Siku ya 9. Takwimu na kukabidhi

Asubuhi ni ya maswali kwa KoboCollect, programu ya simu inayojaza fomu bila intaneti na kutuma baadaye. Maswali yasizidi 14. Fomu huandikwa kwenye jedwali lenye safu ya lebo kwa kila lugha. Swali la kwanza ni ridhaa, na jibu la "hapana" lifunge fomu papo hapo. Picha zipunguzwe kwa kigezo cha max-pixels=1024, la sivyo kutuma fomu 50 humaliza bando la wiki. Tarehe ya kila simu ikaguliwe asubuhi. Jina, namba ya manifesti na GPS ya nyumba visiulizwe, kwa kuwa swali la "darasa limekusaidia kuuza?" halivihitaji.

Tahadhari hii ina historia nchini humu. Karibu na Dadaab, kambi za wakimbizi za mashariki mwa Kenya, Wakenya wanaokadiriwa kufikia takriban 40,000, wengi wao kutoka familia zilizojiandikisha kupata chakula wakati wa ukame, walikuta alama zao za vidole kwenye mfumo wa wakimbizi. Walipotimiza miaka 18 walinyimwa kitambulisho cha taifa. Ndiyo sababu daftari la darasa la Kalobeyei halina safu ya "mkimbizi" na "mwenyeji". Lina jina la kuitwa na namba ya kishikwambi.

Mchana ni makabidhiano. Funguo mbili: moja kwa mwalimu, nyingine kwa fundi simu. Vipuri vinavyobaki: nyaya za kuchajia 10, fyuzi 5, rauta 1, vioo vya kubandika 20, nakala ya SSD. Karatasi moja ukutani, yenye namba ya kupiga kwa kila hitilafu na mstari wa gharama za mwezi: bando la kusasisha, nauli ya fundi, maji ya kufuta paneli. Mstari wa nani analipa usiachwe wazi. Ukiwa wazi, gari lisiondoke.

Kurudi Lodwar kabla ya giza. Ziara inayofuata ni baada ya wiki sita, na kitu cha kwanza kukagua ni daftari la siku ya nne: kati ya waliopangiwa laini mpya, wangapi sasa wakipiga *106# wanaona jina lao.